Kidole cha Kuazima

Vilibaki vijiko viwili. Mzee Mikate aliinamisha chupa kuelekea dirishani, akavihesabu kwa macho, kisha akavihesabu tena, kana kwamba vingeweza kuzaana vikiona mwanga. Vijiko viwili vya mtindi, vimejibanza chini ya chupa iliyowahi kuwa ya jemu, na juu ya kifuniko mwandiko wa mkewe: MBEGU. USILE. Ile USILE ilikuwa ya kwake yeye. Hakuna mwingine ndani ya nyumba ile aliyekuwa na tabia ya kufungua friji na kula kwanza, kuuliza baadaye.

Mkewe alikuwa amefariki wiki nne zilizopita. Mtindi ule aliugandisha kwa mkono wake siku mbili kabla ya kulazwa. Mbegu yenyewe alipewa na mama yake siku alipoolewa, kwenye kijikopo kilichoviringishwa taulo ndani ya sanduku la nguo. Kwa miaka thelathini na tisa, kila alipogandisha sufuria moja alitenga vijiko vichache vya kugandishia sufuria inayofuata, na hivyo hivyo, sufuria ikizaa sufuria, bila kukatika hata wiki moja. Kwa hiyo yaliyokuwa ndani ya chupa hayakuwa mabaki. Kilikuwa kitu chake cha mwisho chenye uhai, na mumewe alikuwa amekwisha kuua vijiko sita vyake ndani ya siku nne.

Kuua ndilo neno lenyewe, tusimtafutie jingine laini. Sufuria ya kwanza ilikatika. Asubuhi alipoifunua alikuta maji ya kijanikijani yanaelea juu na chengachenga zimetuama chini, harufu yake kama ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika. Ya pili ilikuwa vilevile. Alizimwaga zote mbili huku ameangalia pembeni.

Na kosa lake wapi? Alifanya kila kitu alivyomwona akifanya. Alichemsha maziwa mpaka yakapanda, akaepua, akasubiri. Akatia kidole kidogo kwenye maziwa, akahesabu mpaka kumi, kwa sababu mkewe naye alikuwa akitia kidole anachezesha midomo, na mtu anayechezesha midomo huku ametia kidole kwenye maziwa anahesabu nini kama si mpaka kumi? Kidole kilitulia raha mustarehe. Akatia mbegu, akakoroga, akafunika, akaviringisha sufuria kwa blanketi kuukuu. Hakuruka hata hatua moja.

Atakayesema mtindi umejaa tele dukani, wa kopo na wa pakiti, na duka liko hatua ishirini kutoka mlangoni, huyo hajaelewa hadithi hii, na tumwache aende dukani.

Mzee Mikate alikuwa mwokaji. Jina la utani alipewa kiwandani na likamfuata mpaka nyumbani, na baada ya miaka thelathini na minane mbele ya tanuri alistaafu akiwa na mgongo mbovu na sukari mwilini. Daktari alimkataza mkate mweupe. Kumkataza mwokaji mkate ni kumwambia dereva atembee kwa miguu, lakini mkewe hakutaka kusikia kilio. Kesho yake asubuhi alimwekea bakuli: mtindi usiotiwa sukari, papai lililokatwa vipande sawasawa kama dadu, ndizi mbivu, pasheni moja iliyokamuliwa juu pamoja na mbegu zake, na karanga alizozikaanga mwenyewe bila chumvi akazipondaponda kidogo tu, ili meno yapate kazi.

"Hiki ni chakula cha mtoto anayeota meno," alisema Mzee Mikate.

"Basi ota, tuone," alijibu mkewe.

Aliota kwa miaka sita. Kila asubuhi alilalamika, na kila asubuhi alikwangua bakuli mpaka likalia. Tamu hakusema. Hata siku moja hakusema, na sasa neno hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Tangu mazishi alikuwa amerudia mkate na jemu, asubuhi na jioni, amesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yake kulimshinda. Watu walipokuwepo alijikaza. Walipoondoka, mwanawe wa kwanza na binti yake wakarudi kwenye kazi zao huko mbali, ndipo alipojua ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa mpweke, na hakuwa na namna nyingine ya kulisema. Mchana ndio ulikuwa mbaya zaidi. Jengo zima lilinyamaza kuanzia asubuhi, hakuna kishindo, hakuna redio, hakuna sauti ukutani, utadhani wapangaji wote walihama wakasahau kumwambia.

Jumamosi ile papai lake lilikuwa limeiva dirishani. Lilikuwa la manjano mpaka kwenye kikonyo, na likipita siku mbili litakuwa la kutupa. Ndizi zimeanza madoadoa. Pasheni zimekunjamana vizuri, kama zinavyotakiwa. Lita moja ya maziwa ilikuwa kwenye friji. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa yeye, maana safari hii akikosea hakuna tena vijiko vya kukosea. Akapiga moyo konde, akampigia simu binti yake.

Hakuwa na mazoea ya kupiga simu. Mkewe ndiye aliyeongea, na mwishoni akasema "Baba yenu anawasalimia," bila hata kumuuliza kama anawasalimia.

"Baba? Kuna nini?" Binti alishtuka.

"Hakuna kitu. Nauliza tu. Mama yako akitia kidole kwenye maziwa, alikuwa anahesabu mpaka ngapi?"

"Alikuwa hahesabu, baba. Alikuwa anatutaja."

"Anawataja nani?"

"Sisi. Watu wake. Anaanza na bibi, halafu babu, halafu kaka, halafu mimi." Binti akasita. "Halafu Kidege. Halafu wewe, wa mwisho. Tena polepole, kama mtu anayewaita watu waje kula. Alisema akikufikia wewe kidole hakijaungua, basi maziwa yamepoa."

Mzee Mikate akavuta kiti, akakaa.

Kidege alikuwa kitindamimba wao. Aliishi miezi minne. Hilo lilikuwa jina la kumbembelezea tu, na tangu siku ile, miaka thelathini na moja, hakuna aliyelitamka ndani ya nyumba. Mzee Mikate mwenyewe ndiye aliyekunja vile vinguo akavitoa, akidhani anamsaidia mkewe. Hakuulizwa, hakuuliza. Wakati mwingine alidhani mkewe amesahau, na wakati mwingine aliogopa kuwa mkewe anadhani yeye ndiye aliyesahau. Kumbe mara mbili kila wiki mwanamke yule alikuwa akimtaja mwanawe kwenye maziwa, hatua mbili kutoka kwenye kiti cha mumewe, na mumewe anasoma gazeti.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Umeharibu sufuria ngapi?"

"Mbili."

"Ulipimia kidole gani?"

"Changu! Nitumie cha nani?"

Binti akacheka. Alicheka hasa, mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka akakohoa. "Baba! Wewe ulikuwa unachomoa trei za moto kwa mikono mitupu. Chai ikitokota ndiyo unasema ni vuguvugu. Hicho si kidole, hicho ni koleo!"

Mzee Mikate alitazama vidole vyake. Ilikuwa kweli tupu. Ncha zake zilikuwa ngumu na zinang'aa, hazina mistari. Ofisi ya vitambulisho ilimrudisha mara tatu kwa kuwa alama za vidole zilikataa kutoka, na karani akamuuliza kwa utani kama alizaliwa navyo au alivinunua. Mikono ile ile iliyomlisha mkewe ndiyo iliyokuwa ikiua mbegu yake, maana ilikuwa haihisi kitu. Alikuwa akimimina uhai kwenye maziwa ya moto na kidole kinamwambia hewala.

"Je, kwa kipimajoto?" aliuliza. "Ninacho cha tanuri."

"Hicho si kinaanzia mia?"

"Mia na ishirini."

"Tafuta mtu, baba. Mtu mmoja tu mwenye kidole cha kawaida. Huko kwenye jengo hakuna mtu?"

Tafuta mtu. Ni rahisi kusema. Kwa miaka thelathini na minane aliondoka nyumbani watu wamelala na kurudi watu wanaamka, akafunga mapazia akalala jengo zima likiishi. Watoto waliokua kwenye ngazi zile walimjua kama neno moja tu, "Shh." Majirani walikuwa marafiki wa mkewe. Walipokuja kumpa pole aliwashukuru mmoja mmoja bila kujua nani anakaa wapi.

Ni mmoja tu aliyemjua, na afadhali asingemjua. Upande wa pili wa ukuta aliishi mwanamke anayeshona mapazia. Cherehani yake ilikuwa ya umeme, ya kazi nzito, na ilipoanza kunguruma asubuhi Mzee Mikate aliruka kitandani, akavua kiatu, akagonga ukuta kwa kisigino mara tatu. Cherehani ikanyamaza. Kesho yake ikanguruma, kisigino kikalia. Hatimaye ikanyamaza moja kwa moja. Mkewe alikuwa akipita nyuma yake na bakuli la mtindi kwenda kuomba radhi, na akirudi hakusema walichoongea.

Alichemsha maziwa. Yalipopanda aliyaepua, akafunika, akanawa uso. Akavaa shati lenye kola, kwani anakwenda kuomba kitu. Akasimama mbele ya mlango wa jirani muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima, kisha akabisha.

Fundi mapazia alifungua na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye pini tatu mdomoni, na alipomwona akazitoa moja moja, polepole.

"Mashine sijawasha," alisema. "Tangu asubuhi sijaigusa."

"Hapana, hapana, sikuja kwa hilo. Shikamoo yangu haikupasi, mimi ndiye mkubwa, lakini leo ningekuamkia. Jirani, nimekuja kuazima."

"Chumvi?"

"Kidole."

Mwanamke akamtazama. Mtu aliyefiwa wiki nne zilizopita, amevaa shati la kutokea, anaomba kidole. Ungekuwa wewe ungefunga mlango.

"Cha mkononi," aliongeza Mzee Mikate, akazidi kujitia matatani. Basi akaeleza yote kwa pumzi moja, maziwa, tanuri, koleo, vijiko viwili. Fundi mapazia alisikiliza hadi mwisho. Kisha akazichoma zile pini kwenye mkono wa gauni lake, akavuta mlango wake nyuma yake.

Jikoni alikaa kwenye kigoda cha marehemu bila kuonyeshwa. Mzee Mikate akafunua sufuria. Kabla ya yote alitia kidole chake mwenyewe, na kidole kikamwambia maziwa yako sawasawa, hata yanapoa.

"Haya," alisema.

Jirani akatia kidole.

"Mama mkwe..." alianza kutaja Mzee Mikate.

"Uwii!" Kidole kilikuwa kimeshatoka, kimo mdomoni. "Mzee, unataka kunipika?"

Mzee Mikate alitahayari mpaka masikio. Vijiko vile viwili vingekuwa vimekwisha kufa sasa hivi. Wakafunua sufuria ipoe, naye akachukua papai akaanza kulimenya. Alijaribu kukata dadu, yakatoka mapande ya kila umbo.

"Marehemu alikuwa anakata vizuri," alisema jirani, bila ubaya.

"Alikuwa anakata vizuri," alikubali.

"Huwa sishoni mchana. Saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Aliniomba, mwaka ule, kwamba mumewe analala. Nikamwambia sawa."

Kisu kikasimama. "Lakini mimi nilistaafu. Ni miaka sita sasa."

"Nani aliniambia?"

Hakuna aliyemwambia. Miezi ya kwanza baada ya kustaafu aliendelea kulala mchana kwa mazoea, mwili ulikuwa haujapata barua, na pengine mkewe alitaka alale. Baadaye likasahaulika. Kumbe ule ukimya uliomkaba wiki nne nzima, ule uliomfanya adhani jengo limehamwa, ulikuwa wake. Alitunziwa. Kuna mtu alikuwa akikaa kimya kila siku upande wa pili wa ukuta, kazi zimemlundikia, kwa ajili ya usingizi ambao hakuna aliyekuwa akiulala.

"Nisamehe," alisema. "Kwa kile kiatu."

"Kilikuwa kiatu? Mimi nilidhani nyundo."

Walijaribu tena. Safari hii walifika kwa kifungua mimba kabla kidole hakijachomoka. Mzee Mikate aliponda karanga, akakata ndizi, akaitia kwenye bakuli, kisha akakumbuka kwamba mtindi ni wa kesho na ndizi itageuka nyeusi, akala nusu. Jirani akala nusu nyingine. Nje jua lilikuwa limeanza kuinama, na maziwa yalikuwa yametengeneza utando mwembamba.

"Tujaribu," alisema fundi mapazia, akazamisha kidole kupita kwenye utando. "Taja."

Mzee Mikate akasimama kando ya sufuria, mikono nyuma. Alitaja polepole, kama mtu anayewaita watu waje kula.

"Mama mkwe wangu. Baba mkwe wangu. Mwanangu wa kwanza. Binti yangu."

Kidole kilikuwa bado ndani. Mwanamke alimtazama.

"Kidege," alisema Mzee Mikate. Sauti ilitoka kama si yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mdomo wake miaka thelathini na moja, na chumba hakikuanguka. "Na mimi."

Kwa hesabu ya mkewe hapo ndipo mwisho. Alingoja jirani atoe kidole, lakini yeye hakujua hesabu ya mtu mwingine, alijua tu kwamba hajaambiwa basi.

"Bado kinavumilia," alisema. "Kuna mwingine?"

Mkewe hakuwahi kujitaja, kwani yeye ndiye aliyekuwa akiita. Sasa aliyebaki kuita ni mumewe.

"Na mke wangu," alisema.

Fundi mapazia akatoa kidole. Ncha yake ilikuwa nyekundu kidogo tu. "Tia mbegu," alisema. "Tia sasa hivi, yasije yakapoa mno."

Alikwangua chupa mpaka ikabaki kioo kitupu. Kufa kupona. Wakakoroga, wakafunika, wakaviringisha blanketi kuukuu, na jirani akaaga. Mlangoni Mzee Mikate alimwambia ashone saa yoyote anayotaka, kuanzia kesho, hata alfajiri.

Asubuhi aliamka mapema, akaizunguka ile sufuria kama mtu anayeogopa mbwa. Alikunywa chai. Alifagia. Ilipofika karibu saa mbili, visingizio vikamwishia, akafungua blanketi, akaondoa kifuniko, akainamisha sufuria taratibu.

Maziwa hayakusogea. Yalikuwa yamekaa, meupe, yamejishika, na alipochovya kijiko kiliacha kishimo safi.

Kabla ya lolote alitenga vijiko vitatu kwenye chupa ya jemu, akafunga kifuniko chenye mwandiko, akairudisha kwenye friji. Ndipo akajipakulia. Papai lenye mapande ya kila umbo, ndizi mpya, pasheni moja na mbegu zake, karanga. Sukari hakutia. Akakaa, mezani, akaonja. Uchachu ulikuwa ule ule uliokuwa ukimkunjisha uso kila asubuhi.

"Tamu," alikiambia kiti cha mbele yake. Kiti kilikuwa kitupu, na neno lilikuwa limechelewa miaka sita, na machozi yalimtoka akaendelea kutafuna.

Wakati huo huo, nyuma ya ukuta, cherehani ikanguruma.

Aliinuka bila kufikiri. Alitaka kumwambia mtu, na mtu alikuwa pale, unene wa tofali moja tu. Akaenda ukutani na bakuli mkononi, akagonga mara tatu.

Cherehani ikanyamaza papo hapo.

Mzee Mikate akabaki mkono hewani. Alikuwa amesahau maana ya kugonga mara tatu kwenye ukuta ule, na aliyeiweka maana hiyo ni yeye mwenyewe. Ukimya ukarudi, ule ule wa wiki nne. Akaweka mdomo karibu na plasta, akapaza sauti kama alivyokuwa akipaza mbele ya tanuri.

"Umeganda!"

"Kweli?" ilijibu sauti ya upande wa pili.

"Kweli! Nakuletea bakuli! Shona, mama, shona!"

Cherehani ikaanza tena. Mzee Mikate akavuta kiti chake mpaka ukutani, akakaa hapo, akamaliza kula.